Kijana Wetu Ameajiriwa Misitu: Amana ya Bwana Misitu na Wajibu wa Familia Yake

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

AlhamduliLlaah, himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), Mola wa walimwengu wote, na Rehma na Amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), na ahli zake, na Swahaba zake, na waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Mwisho. Ama ba'ad:

SWALI:

Assalaamu 'alaykum sheikh. Kijana wetu amesomea misitu Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Sasa amepata kazi bara, amepangiwa wilaya ya Kyela, Ziwa Nyasa, na amepata nyumba Ipyana. Ana watu kadhaa chini yake. Mama yake hana raha. Amesikia kuwa kazi yenyewe ni kuwakamata maskini wa Mungu wanaotafuta kuni na mkaa, na kuwa hakuna bwana misitu asiyekula rushwa. Je, mshahara wake ni halali? Na sisi tuna nyumba hatujaiezeka, je, kuna ubaya akitusaidia mbao?

JIBU:

Wa 'alaykumus-salaam wa RahmatuLlaahi wa Barakaatuh. Tunamuomba Allaah Amhifadhi kijana wenu ugenini na Amtie nguvu katika kazi yake.

Swali lenu lina mambo matatu: hukumu ya kazi, hali ya maskini wanaozuiwa, na mbao za nyumba yenu. Hili la tatu mmelitia mwisho kama jambo dogo, lakini kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, na nitaeleza kwa nini, kwani hata mimi mwenyewe niliwahi kuliuliza. Tuanze na kuijua kazi, maana hukumu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe.

Kazi Yenyewe Ni Ipi?

Misitu ya bara inaongozwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Sheria hiyo imeigawa misitu katika mafungu: iko ya taifa, iko ya serikali za mitaa, iko ya vijiji, na iko ya watu binafsi. Ile ya taifa inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, maarufu kwa jina la TFS, ulioanzishwa mwaka 2010 chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Halmashauri za wilaya nazo zina maafisa misitu wao. Huku kwetu visiwani misitu si jambo la Muungano; tuna sheria yetu Na. 10 ya mwaka 1996, na tuna Jozani, Ngezi, Masingini na Kiwengwa chini ya idara yetu wenyewe. Kwa hiyo kijana wenu amekwenda kutumikia sheria nyengine, lakini kazi ni ile ile.

Watu wengi wanadhani bwana misitu kazi yake ni kushika bunduki na kusimama njiani. Hiyo ni sehemu tu. Anatembea mipaka ya msitu na kuisafisha, ili jirani asiseme hakujua ulipoanzia. Ana kitalu cha miche kinachotaka maji kila siku wakati wa kiangazi. Anakata njia za moto kabla majani hayajakauka. Anapima miti na magogo, anagonga chapa kwa nyundo ya serikali kwenye gogo lililolipiwa, na anahakiki leseni ya kuvuna na hati ya kusafirishia mazao. Anakaa na kamati za vijiji kusikiliza mashtaka. Na juu ya yote hayo ana watu: askari wa doria, karani wa mapato, vibarua wa kitaluni, dereva. Siku hizi watumishi wa TFS wameingizwa katika mfumo wa jeshi usu, wana sare na vyeo vya amri. Hilo linamuongezea nguvu, na kila nguvu inapoongezeka hisabu nayo huongezeka.

Mlima Rungwe na Mpunga wa Ipyana

Ili mama atulie, ni vyema ajue msitu wa kule unamlinda nani.

Kyela ni bonde tambarare ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake unasimama Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, na mashariki iko safu ya Livingstone inayoshuka mpaka ufukwe wa Matema. Kutoka kilele cha Rungwe mpaka ziwani hakuzidi kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Fikirini basi: maji yanashuka karibu mita 2,500 katika masafa mafupi kama hayo, katika nchi ambayo mvua yake inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Mito Kiwira, Lufilyo, Mbaka na Songwe yote inamimina huko.

Wenye bonde hilo ni Wanyakyusa. Wanalima mpunga ambao sifa yake imefika mpaka sokoni kwetu, na wanalima kakao. Kyela ndiyo wilaya inayoongoza nchini kwa zao hilo. Miti ya juu mlimani inapokuwepo, mvua hupigwa na majani kwanza, kisha hunyonywa na udongo, kisha hutoka kidogo kidogo mitoni hadi kiangazi. Miti ikiondoka, maji hushuka yote kwa siku moja pamoja na udongo, mto hupanda kingo, na mpunga wa masika hulala chini. Mafuriko ya Kyela hayana sababu moja, kwani bonde lenyewe ni chini na mvua ni kubwa. Lakini kila shoka linaloingia ovyo huko juu linayazidishia nguvu.

Basi anayekata mti kwa wizi mlimani hamjui anayemdhulumu. Anayedhulumiwa ni mkulima wa Ipyana ambaye wala hajapata kuuona mti huo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alitupigia mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine tabaka la juu na wengine la chini, na wale wa chini wakataka kutoboa tundu katika fungu lao wapate maji. Wakiachwa, wote wanaangamia. Wakishikwa mikono, wote wanaokoka. Hadithi hii ameipokea Imaam Al-Bukhaariy kutoka kwa An-Nu'maan bin Bashiyr (Radhiya Allaahu 'anhumaa). Kule Kyela tundu linatobolewa juu, na maji yanaingia chini.

Tena katika misitu hiyo Allaah Ameweka viumbe ambavyo hata wataalamu hawakuvijua. Mwaka 2003 watafiti walimuona katika misitu ya Rungwe kima ambaye wawindaji wa huko wakimwita kipunji, na mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa ni aina mpya. Wasomaji wetu wa Unguja watatabasamu, kwani na sisi tuna kima punju wetu Jozani. Msitu wa Rungwe, zaidi ya hekta 13,000, ulipewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009.

Uislamu na Ardhi Iliyolindwa

Kuitenga ardhi kwa maslahi ya umma si jambo geni katika Dini yetu. Linaitwa himaa. Zama za Jahiliyyah mkubwa wa kabila akijitengea malisho yake peke yake na kuwafukuza wengine. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akaibatilisha himaa ya namna hiyo, akabainisha kuwa himaa ni ya Allaah na Mtume Wake tu, yaani kwa maslahi ya watu wote, na akailinda An-Naqiy' karibu na Madiynah kwa ajili ya wanyama wa umma. Kisha 'Umar bin Al-Khattwaab (Radhiya Allaahu 'anhu) akailinda Ar-Rabadhah. Wanachuoni wakaweka masharti: ilindwe na kiongozi mwenye mamlaka, iwe kwa maslahi ya umma, na isiwatie watu katika dhiki isiyobebeka.

Kwa msingi huo tunajibu sehemu ya kwanza: kazi ya kulinda na kusimamia misitu ya umma ni halali, na mshahara wake ni halali, bali mwenye kuifanya kwa niya njema anatarajiwa ujira. Kumethibiti katika Hadithi ya Anas (Radhiya Allaahu 'anhu) kuwa Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo ndege, mtu au mnyama kinaandikwa kuwa ni sadaka yake. Na huyu kijana ana kitalu cha maelfu ya miche!

Ama kuwa "hakuna bwana misitu asiyekula rushwa", huo ni usemi wa barazani. Muislamu hahukumu watu wa kazi nzima kwa dhana. Wako walaji, na wako waaminifu wanaorudi nyumbani na vumbi la msitu na mshahara wao tu.

Mwenye Tita na Mwenye Lori

Sehemu ya pili ndiyo inayomuumiza mama: maskini. Na hapa sijaona mafunzo bora kwa bwana misitu kuliko kisa kilichomo katika Swahiyh Al-Bukhaariy.

'Umar alimuweka Hunayy, huria wake, awe msimamizi wa himaa. Alipompa kazi hakumwambia habari za mipaka wala idadi ya ngamia. Alimwambia awainamishie watu bawa lake, na aiogope du'aa ya aliyedhulumiwa kwani hiyo hujibiwa. Kisha akamuagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn 'Awf na Ibn 'Affaan. Akaeleza sababu yake: hao wawili, mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurejea. Lakini yule mwenye wachache, wakifa, atamjia Amiri na wanawe wakilia, na hapo hazina italazimika kutoa dhahabu na fedha, ilhali majani na maji ni mepesi zaidi kutoa.

Zingatieni nani aliyezuiwa. 'Uthmaan bin 'Affaan na 'Abdur-Rahmaan bin 'Awf ni katika kumi waliobashiriwa Pepo. Hawakuwa wezi, hawakuwa watu wabaya. Walizuiwa kwa sababu walikuwa na uwezo, na himaa haikuwekwa kwa ajili ya mwenye uwezo.

'Umar akaongeza jambo jengine zito. Alikiri kuwa wenyeji wanaona amewadhulumu, kwa sababu ile ni nchi yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa nayo. Akaapa kuwa lau si wale wanyama anaowabebea watu katika njia ya Allaah, asingewazuilia hata shubiri moja. Huu ndio moyo anaotakiwa kuwa nao kijana wenu kila asubuhi anapovaa sare. Asiseme "hawa watu hawaelewi". Aseme: hii ni nchi yao, na mimi ninawazuilia kwa sababu moja tu, maslahi yao wenyewe na watoto wao.

Tulete kisa hiki Kyela. Iko sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ziwa. Anakutana na bibi mwenye kijaruba cha mpunga ukingoni, na anakutana na mwenye fedha aliyejenga uzio na bustani ukingoni huko huko. Nani ataondolewa kwanza? Tita la kuni kichwani mwa mwanamke linaonekana mchana barabarani. Lori la mbao za wizi linapita saa nane za usiku. Nani atakamatwa? Ikiwa mwisho wa mwaka hisabu yake imejaa wanawake wenye matita na haina lori hata moja, basi ameigeuza himaa ya 'Umar kichwa chini miguu juu.

Sisemi kuwa maskini aachwe akate atakavyo. Matita mia moja ya kuni mbichi kila siku yanamaliza msitu kama lori. Sheria haina budi. Lakini kuzuia bila ya kuonyesha njia ni nusu ya kazi. Panapokuwa na utaratibu wa kuokota kuni kavu, autangaze mpaka kila nyumba iujue. Miche ya kitalu imfikie mjane kabla ya kumfikia mwenye ekari hamsini. Kakao inapenda kivuli, basi amshauri mkulima miti ya kupanda humo shambani, ambayo matawi yake yatampa kuni. Wachoma matofali, ambao tanuri moja hula kuni nyingi, wahimizwe wawe na miti yao wenyewe. Na anapolazimika kukamata, asitukane, asipige, asimvunjie mtu baiskeli yake. Silaha na amri hakupewa ili apoze hasira zake.

Kipimo cha Gogo

Iko dhulma nyengine isiyo na kelele, nayo imo katika futi ya kupimia.

Gogo linauzwa kwa ujazo, na ujazo unatokana na urefu na kipenyo. Lakini kipenyo huingia mara mbili katika hisabu. Chukueni gogo la mita 4 lenye kipenyo cha sentimita 40: ujazo wake ni takriban nusu mita ya ujazo. Mpimaji akimuonea haya mnunuzi akaandika sentimita 36, ujazo unashuka kuwa 0.41. Sentimita nne tu, na umma umepoteza karibu moja ya tano ya gogo! Katika magogo 20, takriban manne yametoka bure. Na akiongeza badala ya kupunguza, mnunuzi ndiye aliyeibiwa.

Mwanzoni mwa Suuratul-Mutwaffifiyn Allaah Amewatishia adhabu wale ambao wakipokea hutaka kipimo kitimie na wakitoa hupunguza. Tumezoea kuisoma aya hiyo tukamfikiria muuza mchele na pishi yake. Mwenye futi na nyundo ya chapa anaingia humo vile vile. Kwa hiyo mkuu wa kikosi asimuachie mtu mmoja kupima na kuandika peke yake. Wawe wawili, na yeye mwenyewe arejee kupima baadhi bila ya kutoa habari.

Zawadi, Mali Iliyokamatwa na Msikiti Wetu

Sasa nije kwenye mbao za nyumba yenu, na nianze kwa kujishtaki mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kamati ya msikiti wetu ilikuwa inatafuta mbao za paa. Fedha zilikuwa hazitoshi. Nikamkumbuka kijana niliyemsomesha chuoni, akawa bwana misitu huko huko Kyela. Nikampigia simu. Nikamwambia nimesikia mnakamata mbao nyingi za wizi, na zinaoza uani kwenu. Kwa nini usitutolee chache, ziingie katika nyumba ya Allaah? Nilidhani nimemfungulia mlango wa kheri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tutazungumza.

Baadaye nilikwenda huko kuhudhuria ndoa, nikamtembelea. Tulikaa barazani kwake Ipyana, mpunga umetuzunguka, na yeye ndiye aliyeanza. Akaniambia: "Maalim, wewe ndiye uliyenisomesha Hadithi ya Ibn Al-Lutbiyyah. Mimi nikitoa mbao mbili kwa ajili ya msikiti wetu, kesho askari wangu kumi watatoa mbili mbili kwa ajili ya makanisa yao, na keshokutwa kwa ajili ya nyumba zao. Nitamkataza nani?" Akanieleza kuwa mali iliyokamatwa ina njia zake: huandikwa, huamuliwa kisheria, kisha hunadiwa, au ofisi huitoa kwa taasisi za umma, mara nyingi madawati ya skuli. Anayetaka huandika barua, na jibu si lake yeye. Nilitahayari. Mwanafunzi alikuwa amenirejeshea darsa langu.

Ibn Al-Lutbiyyah alitumwa na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kukusanya Zakaah. Aliporudi akagawa alivyokuja navyo mafungu mawili: hiki chenu, na hiki nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza, lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingemfuata? Hadithi hii wameipokea Al-Bukhaariy na Muslim, na kutokana nayo wanachuoni wamepata kipimo chepesi: kila kinachokujia kwa sababu ya cheo chako si chako. Debe la mchele kutoka kwa mwenye kiwanda cha mbao, mbuzi wa 'Iyd kutoka kwa mwenye leseni, "maji ya kunywa" kizuizini, vyote vimo humo. Na sheria ya nchi, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, nayo inakataza.

Ama kuchukua katika mali iliyokamatwa, hata gunia moja la mkaa la kupikia, hiyo ni ghuluul. Katika Swahiyh Muslim, Hadithi ya 'Adiyy bin 'Amiyrah (Radhiya Allaahu 'anhu), Mtume ametuhadharisha kuwa aliyepewa kazi ya umma akaficha sindano au zaidi yake, atakuja nayo Siku ya Qiyaamah. Sindano! Seuze ubao wa futi kumi na mbili.

Na wala lengo jema halisafishi njia mbovu. Watu wa Siyrah wanasimulia kuwa Maquraysh walipoijenga upya Ka'bah, kabla ya Utume, walikubaliana wasitie humo ila chumo safi. Chumo hilo likawapungukia, wakaifupisha nyumba na kuiacha nje sehemu ya Al-Hijr, inayozungukwa na mahujaji mpaka leo. Na mbao za paa walizipata kwa jahazi lililovunjika pwani ya Jiddah. Wengine wametaja kuwa walizinunua. Washirikina waliridhia Ka'bah fupi kuliko Ka'bah ya haramu. Sisi na msikiti wa mtaani tuna udhuru gani?

Kwa hiyo jibu la swali lenu la tatu: asiwape hata ubao mmoja usiolipiwa. Akiwapa kutoka katika mshahara wake, mkanunua mbao zenye risiti dukani, hiyo ni swilah na ina ujira mkubwa. Na hili linatugusa sote visiwani: mkaa na mbao nyingi tunazotumia huja na majahazi kutoka bara. Anayejua kuwa shehena fulani ni ya wizi haijuzu kwake kuinunua, hata ikiwa rahisi. Asiyejua hana dhambi, wala hatakiwi kuwachunguza watu, lakini bei ikiwa ya ajabu na muuzaji hataki kutoa risiti, basi kuacha ni salama zaidi.

Walio Chini Yake

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya anachokichunga. Bwana misitu ana uchunga wa aina mbili: miti na watu, na watu ndio wagumu.

Kibarua wa kitaluni alipwe kwa wakati. Karatasi zikichelewa ofisini, mkuu azifuatilie kama anavyofuatilia mshahara wake, kwani tumehimizwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Doria ya usiku na zamu ya sikukuu zigawanywe kwa zamu iliyoandikwa ukutani, si kwa upendeleo. Kule wafanyakazi wenzake wengi watakuwa Wakristo. Jumapili yao waachiwe kadiri kazi inavyoruhusu, na yeye Ijumaa yake aipange mapema kwa kubadilishana zamu nao. Ikitokea moto au ulinzi usioweza kuachwa saa ya Swalaah ya Ijumaa, huo ni udhuru na ataswali Adhuhuri, lakini asiufanye udhuru kuwa ada ya kila wiki. Wala asiwapeleke vijana kwenye genge la wakata mbao wenye mapanga bila ya idadi na zana za kutosha. Roho ya askari ni nzito kuliko mninga.

Jina Letu Kule

Iko sababu nyengine ya kumtaka awe muangalifu zaidi. Watu wa pwani waliofika kaskazini ya Ziwa Nyasa karne ya 19 hawakuacha jina zuri. Mfanyabiashara Mlozi aliweka ngome karibu na Karonga, upande wa pili wa Mto Songwe, na mwaka 1887 watu wake waliwaua na kuwateka Wangonde wengi, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa. Aliishia kunyongwa na Waingereza mwaka 1895. Hayo hayakufanywa kwa amri ya Uislamu bali kinyume chake, lakini yalifanywa na watu waliovaa kanzu, na wazee husimulia.

Leo kijana wa pwani anarudi kule akiwa na sare na mamlaka. Jina Ipyana kwa Kinyakyusa maana yake ni neema. Basi na awe neema kwao. Atakuta pia vichaka vya kale ambavyo wazee wa kabila waliviheshimu kwa matambiko. Itikadi hiyo sisi hatuikubali, na yeye asishiriki. Lakini asikate miti hiyo kwa jina la Tawhiyd. Miti haina kosa, mara nyingi inalinda chemchemi, na Suuratul-An'aam, Aayah 108, imetukataza kuwatukania watu wanavyoviabudu. Afundishe kwa tabia yake.

Nasaha kwa Familia

Binti wa yule mzee wa Madyan, katika Suuratul-Qaswasw, Aayah 26, alimueleza baba yake kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na muaminifu. Nguvu kijana wenu ameipata chuoni Morogoro: anaijua miti, anajua hisabu, anajua sheria. Uaminifu ameuchukua nyumbani kwenu, na ni nyinyi mnaoweza kuulinda au kuubomoa mkiwa mbali.

Kwa hiyo, kwanza, msimuulize "umetuletea nini?" Muulizeni hali yake na Swalaah yake. Pili, msimpe masharti ya harusi kubwa na nyumba ya ghorofa kwa mshahara mnaoujua kiwango chake. Wengi waliingia katika rushwa wakisukumwa na jamaa zao. Tatu, jirani akija kwenu kuomba "apigiwe simu kijana" ili lori lipite, mkatalieni nyinyi, msimuachie yeye aibu ya kukataa. Nne, mama amuombee du'aa, kwani du'aa ya mzazi inamfikia hata akiwa msituni.

Na nyumba yenu ikikaa bila ya paa masika moja zaidi, hilo ni dogo. Yule kijana niliyewasimulia, msikiti wetu ulichelewa kuezekwa mwaka mzima baada ya jibu lake. Tulichanga kidogo kidogo, tukanunua mbao kwa risiti. Kila ninapoinua macho katika Swalaah ya Tarawiyh namkumbuka, na namuombea kheri.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi vijana wetu walioko kazini bara na visiwani, Awatosheleze kwa halali Yake wasiitamani haramu, na Atujaalie katika wanaotekeleza amana.

Wa-Allaahu A'lam.